Kaggia na riziki ya kesho

Jumapili moja ya mwaka wa 2025 nilikuwa nimeketi kwenye benchi la mbao katika kanisa la mabati mjini Kakuma, jasho likinitiririka, nikimsikiliza mhubiri aliyekuwa ameichagua sura ya sita ya Injili ya Mathayo. Msomaji aliyelelewa katika Ukristo anaijua sura hiyo hata akiamshwa usiku wa manane. Ndimo zilimo habari za ndege wasio na shamba wala ghala, za maua ya kondeni yanayomshinda mfalme Sulemani kwa mapambo, na agizo la Bwana Yesu kwamba wafuasi wake wasiwe watu wa kuisumbukia kesho. Mhubiri alikuwa fasaha, na sina shaka kwamba aliyasema kwa moyo safi. Lakini waliomsikiliza, wengi wao wakimbizi kutoka Sudan Kusini na Kongo, walikuwa wamekwisha kupunguziwa chakula. Mwaka huo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, baada ya wafadhili kuwa na mkono wa birika, lilipunguza mgao wa Kakuma hadi ukawa chini ya theluthi moja ya kile anachohitaji mtu mmoja. Mwanamke aliyeketi mbele yangu aliitikia amina kwa sauti ndogo, kisha akaufunika uso wa mtoto wake kwa leso.

Nilitoka mle ndani na swali ambalo halikuniacha. Je, neno hili la kutosumbuka laweza kuambiwa mtu ambaye chungu chake ki tupu? Na ikiwa laweza, ni nani mwenye haki ya kulisema?

(Waandishi wa kigeni hupenda kuwaeleza wasomaji wao kwamba jina Kakuma, kwa Kiswahili, maana yake ni mahali pasipojulikana. Nimefundisha isimu ya Kiswahili kwa miaka mingi, na sijui Kiswahili hicho walikiokota wapi.)

Njiani nikirejea Lodwar, safari ya kilomita mia moja na ishirini hivi, nikamkumbuka mhubiri mwingine ambaye aliwahi kuletwa katika nchi hii ya Turkana akiwa amefungwa pingu. Huyo ni Bildad Kaggia. Mgeni akitembezwa Lodwar, habari atakazopewa kwanza ni za Mzee Jomo Kenyatta, kwamba aliwekwa hapa, na kwamba kutoka hapa alikwenda Maralal na hatimaye Ikulu. Jina la Kaggia hutajwa baadaye, kama la mtu aliyekuwa amesimama pembeni picha ilipopigwa. Vijana wanaozaliwa siku hizi hawalijui hata kidogo, isipokuwa wale waliolisoma katika orodha ya wale sita wa Kapenguria wakajibu swali la mtihani, wakalisahau. Hili ni jambo la kusikitisha, kwa sababu kuhusu suala la riziki na hofu ya kesho, sijui Mkenya mwingine ambaye maisha yake yana mengi ya kutufunza kama yeye.

Kaggia alizaliwa mapema katika miaka ya 1920 huko Dagoretti, kando ya Nairobi, katika familia yenye asili yake Murang'a. Alipobatizwa alipewa jina la Bildad, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana majina ni sehemu ya kazi yangu. Katika kitabu cha Ayubu, Bildadi Mshuhi ni mmoja wa wale marafiki watatu wanaokuja kumfariji mtu aliyepoteza mali, watoto na afya. Badala ya kumfariji, wanamhukumu. Hoja ya Bildadi ni nyepesi: Mungu hapotoshi haki, kwa hiyo aliyefilisika lazima alikosa mahali fulani, na mwenye haki lazima atastawi. Mwishoni mwa kitabu Mungu mwenyewe anawakasirikia marafiki hao. Mtoto wa Dagoretti aliishi miaka zaidi ya themanini akiwa na jina la huyo mwanatheolojia wa neema za mali, na maisha yake yote yakawa ni kulikanusha jina lake.

Alikuwa mwanafunzi hodari. Alipata nafasi katika shule ya upili ya Alliance, lakini karo ilikosekana, naye akaajiriwa kuwa karani katika ofisi ya mkuu wa wilaya huko Fort Hall, mji tunaouita leo Murang'a. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka aliingia jeshini, akapelekwa Mashariki ya Kati, akaiona Palestina na miji mitakatifu kwa macho yake, na kabla ya kurudi nyumbani akafika pia Uingereza. Safari hizo zilimbadilisha. Alipofika Kenya mwaka wa 1946 alikuwa haamini tena kwamba Ukristo na desturi za Wazungu ni kitu kimoja. Akajitenga na kanisa la misheni lililomlea, akaanza kuhubiri Injili isiyohitaji kibali cha mmishenari, na watu waliomfuata wakawa wengi kiasi kwamba kundi lao likajulikana kwa jina la Dini ya Kaggia.

Ya miaka iliyofuata yanajulikana, sitayarefusha. Kutoka mimbarini aliingia katika vyama vya wafanyakazi, na kutoka huko, pamoja na Fred Kubai na Paul Ngei, akashika uongozi wa tawi la Nairobi la chama cha KAU mwaka wa 1951. Usiku ule wa tarehe 20 Oktoba 1952 ambapo gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, Kaggia alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Kesi ikasikilizwa Kapenguria. Hakimu Ransley Thacker aliwahukumu washtakiwa mwezi wa Aprili 1953, na baadaye ikafahamika kwamba alikuwa amepewa pauni 20,000 na serikali ya gavana. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, alikiri mwaka wa 1958 kwamba alidanganya, na kwamba aliahidiwa masomo ng'ambo kama malipo. Nawataja hawa wawili kwa sababu moja tu. Hakimu yule alikuwa akiuwazia uzee wake, na shahidi yule alikuwa akiuwazia mustakabali wake. Wote wawili waliisumbukia kesho, na mtu anayeisumbukia kesho bei yake haikosi kupatikana.

Kaggia alifungwa miaka saba na kazi ngumu, akapelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa ya Turkana, karibu na mipaka ya Ethiopia na Sudan ya wakati ule.

Hapa pana kejeli ya historia ambayo sijaona wengi wakiitaja. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni ilikuwa imeifunga Turkana. Mtu hakuingia bila ruhusa, na wamishenari hawakuruhusiwa kufungua vituo vyao humo. Nchi nzima, kubwa kuliko mataifa kadhaa ya ulimwengu, iliachwa bila kanisa, bila shule za kutosha, bila hospitali, na Waturkana waliendelea kumwomba Akuj mvua kama walivyomwomba mababu zao. Kisha, mwaka wa 1953, serikali hiyo hiyo iliyowakataza wahubiri kuingia ikamwingiza mmoja kwa gharama yake yenyewe, chini ya ulinzi wa askari. Bila shaka hakupewa mimbari. Alipewa nyundo ya kuvunjia mawe.

Maisha ya Lokitaung yalikuwa ya jua, mawe na maji machache. Kenyatta, kwa kuwa alikuwa mzee kuliko wenzake, aliondolewa katika kazi ya mawe akawa mpishi. Wafungwa waligombana wao kwa wao, na uhasama baina ya Kenyatta na wenzake ulizaa chuki ambazo tuliziona zikichanua baada ya uhuru. Sitaki kuwachora watakatifu hapa. Wanaume wachache waliofungiwa jangwani kwa miaka mingi hugombania hata kivuli.

Ila lipo tukio moja la Lokitaung ambalo nalitegemea katika hoja yangu. Mwaka wa 1958 barua iliyoandikwa na Kaggia na wenzake kadhaa ilitoroshwa gerezani, ikasafiri hadi London, na ikachapishwa katika gazeti la Observer. Wafungwa walikuwa wakilalamika kuhusu jinsi walivyotendewa, kuhusu maji na kuhusu chakula. Huyu mhubiri, ambaye kwa hakika aliijua sura ya sita ya Mathayo kuliko askari aliyemlinda, hakuona kwamba imani kwa Mungu inamkataza kusema kwamba maji ni mabaya na chakula hakitoshi. Tena aliyasema hayo mbele ya dunia nzima.

Hili linanirudisha kwenye kanisa la Kakuma, na kwenye neno lenyewe. Wale waliotafsiri Biblia ya Kiswahili inayotumiwa na Waprotestanti wengi hawakumwandikia Bwana Yesu kitenzi cha kusumbuka peke yake. Walikitia katika kauli ya kutendea: kusumbukia. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wanajua kwamba kiambishi hicho kidogo hubadilisha mambo, kwa maana hukipa kitenzi mahali pa kuelekea. Mtu anayesumbuka ana taabu. Mtu anayesumbukia ana kitu ambacho taabu yake inakilenga, na katika sura ile kitu hicho ni maisha yake mwenyewe, tumbo lake na mavazi yake. Sioni popote katika Injili mtu akikatazwa kulisumbukia tumbo la jirani yake. Kinyume chake, sura ya ishirini na tano ya kitabu hicho hicho inawatenga kondoo na mbuzi kwa jambo hilo hilo.

Tena katika sala aliyowafundisha wanafunzi wake, inayopatikana katika sura iyo hiyo ya sita, Yesu hakumfundisha mtu kuomba chakula chake. Aliwafundisha kuomba chakula chao, kwa wingi. Wakatoliki wetu husema mkate, Waprotestanti waliorithi tafsiri ile niliyoitaja husema riziki, na mimi nimeipenda zaidi riziki kwa kuwa ni neno linaloingia nyumba yoyote, iwe inakula ugali, wali, au maziwa na damu ya ng'ombe. Lakini awe wa mkate au wa riziki, hakuna anayeruhusiwa kuomba kwa nafsi ya kwanza umoja. Aliyeshiba akisali sala hiyo mjini Nairobi, ameshamwombea pia yule wa Kakuma, atake asitake.

Kifungo kilipokwisha mwaka wa 1959 hawakuachiliwa. Waliletwa Lodwar, wakawekewa mipaka wasiyoweza kuivuka. Jela haikuwako tena, nyumba ilikuwako, lakini mtu aliyezungukwa na jangwa hahitaji ukuta. Ukame uliokuja mwanzoni mwa miaka ya 1960 uliwakumba Waturkana vibaya. Mifugo ilikufa, watu wakakusanywa katika kambi za chakula, na ni njaa hiyo iliyoifungua nchi kwa makanisa. Mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patriki kutoka Ireland waliingia mwaka wa 1961, na baadaye kazi yao ikazaa Jimbo Katoliki la Lodwar. Waprotestanti nao waliingia. Kwa hivyo Injili iliingia Turkana ikiwa juu ya gunia la mahindi, na hadi leo kuna wakosoaji wanaodhani kwamba hilo ni la kuonea haya. Mimi sioni hivyo. Ningeona haya kama ingeingia bila gunia.

Kaggia aliachiliwa mwaka wa 1961. Alirudi nyumbani akiwa na umri wa takribani miaka arobaini, miaka tisa ya ujana wake ikiwa imebaki katika mawe ya Lokitaung na mchanga wa Lodwar.

Sasa tumefika penye kiini cha habari. Mwaka wa 1963 watu wa Kandara walimchagua kuwa mbunge wao, na serikali mpya ikampa wadhifa chini ya waziri wa elimu. Kila kitu kilikuwa tayari kwa mtu kujifidia. Walowezi walikuwa wakiuza mashamba, mikopo ilikuwa ikipatikana kwa wenye majina, na nani angemlaumu mtu aliyepoteza miaka tisa kwa kujitwalia ekari chache za kuwalisha watoto wake? Wengi waliotoka naye kizuizini walifanya hivyo. Baadhi yao walifanya hivyo kwa ekari ambazo hazikuwa chache.

Kaggia alikwenda upande mwingine. Alisema kwamba waliopigania ardhi, na wale waliopoteza vishamba vyao walipokuwa msituni na kizuizini, wapewe ardhi bila malipo. Kwamba ni kichekesho kumkopesha mtu fedha ili ainunue mali aliyoibiwa. Serikali ilikuwa na mpango wake wa ekari milioni moja, ambapo mashamba yalinunuliwa kwa walowezi na kuuzwa kwa wananchi kwa mkopo. Kenyatta alimtaka achague baina ya cheo na maneno yake. Mwezi wa Juni 1964 akawa nje ya serikali.

Lililofuata mwaka wa 1965 linasimuliwa na wazee wa Murang'a kama lililotokea jana. Katika mkutano wa hadhara huko Kandara, katika uwanja wa watu wa Kaggia mwenyewe, Rais Kenyatta alimgeukia mbele ya umati akamsuta. Aliwataja wenzao wa kifungoni mmoja baada ya mwingine, na kile ambacho kila mmoja alikuwa amekwisha kujipatia, majumba, mashamba, biashara. Kisha akataka kujua Kaggia amejifanyia nini. Wote walikuwa jela pamoja, wote walitoka pamoja. Wenzake wana mali. Yeye yuko wapi?

Nimelitafakari swali hilo mara nyingi, na kila nikilitafakari naisikia sauti ya Bildadi Mshuhi. Hiyo ndiyo theolojia yake nzima, iliyohamishwa kutoka nchi ya Usi hadi Kandara: aliyestawi amestahili, asiye na kitu aeleze kosa lake. Tofauti ni kwamba siku hiyo Bildad alikuwa ndiye anayehukumiwa. Wala tusiitwike serikali ya wakati ule mzigo wote. Swali la Kandara laulizwa kila siku katika nchi hii. Laulizwa kwenye mazishi, pale jamaa wanapohesabu maghorofa ya marehemu. Laulizwa na wakwe. Na siku hizi laulizwa hata makanisani, na wahubiri wanaowaambia masikini kwamba imani yao ingekuwa timilifu wangekuwa wameshanunua gari.

Msomaji ataikumbuka habari ya mana katika kitabu cha Kutoka. Wana wa Israeli wako jangwani, wana njaa, na tena, tuseme ukweli, wananung'unika sana. Mungu hawaadhibu kwa kunung'unika kwao bali anawapa chakula. Kila mtu aokote kadiri ya mahitaji ya nyumba yake. Wapo walioogopa kesho wakaweka akiba hadi asubuhi, nayo ikaingia mabuu na kunuka. Mimi huiona sera ya ardhi ya miaka ile katika habari hiyo. Waliookota zaidi ya kipimo chao waliogopa jangwa, na ni nani aliyekaa Lokitaung asiogope jangwa? Hofu yao naielewa. Kaggia alilijua jangwa lile lile, kwa miaka ile ile, na hakuokota zaidi.

Je, alifanya hivyo kwa sababu ya imani? Hapa sharti niwe mwangalifu. Kaggia wa miaka ya 1960 alizungumza zaidi lugha ya siasa, ya ujamaa na ya haki za wanyonge, kuliko lugha ya mimbari. Dini aliyoianzisha aliiacha mikononi mwa wengine. Sidai kwamba kila asubuhi aliamka akiisoma sura ya sita ya Mathayo. Nadai tu kwamba aliyekuwa ameihubiri sura hiyo katika ujana wake aliishi, alipokuwa mtu mzima, kana kwamba ilikuwa kweli. Wako wengi wanaoihubiri hadi uzeeni ilhali hati za mashamba zimejaa kabatini.

Wala hakuwa mtu asiye na dosari. Mwaka wa 1966 alijiunga na Jaramogi Oginga Odinga katika chama cha KPU, akawa naibu wake, akapoteza kiti chake cha ubunge katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo ambao vyombo vyote vya dola viliuelemea upande mmoja. Mwaka wa 1968 alifungwa tena, safari hii na serikali ya nchi aliyoipigania, kwa kosa la kuhutubia mkutano usio na kibali. Kisha mwaka wa 1969 akakitoka KPU akarudi KANU, na baada ya hapo akakubali kuongoza bodi ya serikali ya zao la pamba. Wapo waliomwona msaliti. Yawezekana alichoka. Yawezekana pia kwamba hata yeye, alipowatazama wanawe, aliiona kesho ikija, akatetemeka kidogo. Petro alitembea juu ya maji akazama, nasi hatusemi kwamba hakutembea.

Na liko jambo lingine ambalo wanaume tunaosifu ushujaa wa aina hii hulipita haraka. Mtu asiyejilimbikizia mali hutoa pia sehemu ya watoto wake na ya mke wake, ambao hawakuulizwa. Alipokuwa Lokitaung na Lodwar kuna mwanamke aliyebaki na watoto katika miaka ya hali ya hatari, miaka ya vijiji vya kulazimishwa na amri za kutotoka nje. Alipokataa kujifidia, mwanamke huyo huyo ndiye aliyehesabu sarafu za chumvi. Ikiwa ndege wa angani hulishwa, basi ni halali kuuliza ni mikono ya nani iliyotumiwa kuwalisha. Sina jibu linaloniridhisha, na ninashuku kwamba nyumbani kwa Kaggia swali hilo lilizungumzwa zaidi ya mara moja.

Mwaka wa 1975 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kiingereza, kitabu kiitwacho Roots of Freedom, ambacho ningependa sana kukiona kimetafsiriwa kwa Kiswahili kabla sijastaafu. Baada ya hapo siasa ilimwacha, naye akaiacha. Mtu aliyekaa meza moja na waasisi wa taifa aliishi miaka yake ya mwisho akiendesha kinu cha kusaga mahindi. Kinamama walileta madebe yao ya mahindi, wakayapanga foleni, wakarudi na unga. Aliaga dunia mwezi wa Machi 2005, na magazeti yaliyokuwa yamemsahau yakamkumbuka kwa juma moja, yakistaajabia ufukara wake kana kwamba ni ajali iliyompata barabarani.

Kinu hicho sikukiona. Lakini nilipokuwa nikirudi kutoka Kakuma, nikiitazama mikoma iliyosimama kando ya mto Turkwel tulipokuwa tukiingia Lodwar, niliwaza kwamba hakuna kazi inayomfaa zaidi mtu wa namna yake. Mwenye kinu huishi kwa chakula kinachopita mikononi mwake kikienda kwa wengine. Anajua, kabla ya serikali na kabla ya mashirika, ni nyumba gani leo imeleta debe zima, ni ipi imeleta nusu, na ni ipi haikuja.

Nilipofika nyumbani niliandika habari hizi za Kaggia kwa ufupi nikamtumia yule mhubiri wa Kakuma, nikitaja hasa barua ya Lokitaung na swali la Kandara. Alinijibu baada ya siku chache. Alinishukuru, akasema kwamba Jumapili ambayo ingefuata angehubiri kutoka kitabu cha Kutoka, sura ya kumi na sita, na kwamba baada ya ibada wazee wa kanisa wangeketi pamoja na wakimbizi kuandika barua kuhusu mgao, ambao ulikuwa bado haujaongezwa.